Mtakatifu wa Babu Poseidoni

Ijulikane kwa watu wote wa Mavrolithi, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, walioko nyumbani na walioko Athene wakihangaika na maisha, ya kwamba mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kanisa letu lilijaliwa neema ambayo halikuwahi kujaliwa tangu kuwekwa jiwe lake la kwanza: alipatikana Mtakatifu Poseidoni Shahidi, aliyesahauliwa na dunia kwa karne kumi na saba. Alipatikana ndani ya kabati la patakatifu, kati ya chupa ya mafuta ya kandili na kandambili za kasisi.

Nilimweka hapo mimi, Jumatatu.

Naomba nisihukumiwe kabla sijaueleza ukoo wangu. Mtu akishaujua ukoo wangu hunihukumu vilevile, lakini kwa huruma.

Babu yangu mzaa mama anaitwa Poseidoni. Ndiyo, jina la yule yule wa kale, mungu wa bahari, mwenye ndevu na mkuki wa ncha tatu, ambaye Warumi walimchukua wakamwita Neptuni, kama mtu anavyoiba baiskeli ya jirani kisha akaipaka rangi nyingine. Babu yangu hana bahari. Ana mbuzi sitini na goti bovu. Mavrolithi iko juu kabisa katika milima ya Arkadia, na maji mengi kuliko yote tuliyo nayo ni ya hodhi la kunyweshea mifugo. Bahari ameiona mara moja tu, alipokwenda Kalamata kwa daktari wa macho. Aliitazama kwa muda, akasema ni nyingi mno, akarudi kwenye gari.

Jina alipewa na baba yake, ambaye alitumikia mwaka mmoja katika jeshi la majini, akakutwa na dhoruba, akaponea chupuchupu. Kila baharia mwenye akili timamu dhoruba ikimkuta humwita Mtakatifu Nikola. Yule mzee, kwa hofu, aliita jina la kwanza lililomjia mdomoni. Alipookoka akaona ni utovu wa adabu kumshukuru mwingine. Ndivyo mchunga mbuzi alivyopata jina la mungu wa mawimbi, na ndivyo sisi wote tulivyopata taabu.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba yake. Jambo hili halijadiliwi, kama vile maji hayajadiliani na mteremko. Mjomba Thanasi, mwana wa pekee wa Babu, alichelewa sana kuoa, na mwanawe wa kwanza alipozaliwa Babu alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alivua kofia, akaketi juu ya ukuta nje ya hospitali, akasema sasa anaweza kufa kwa sababu jina limepata wa kulibeba. Hakufa. Aliishi ili amsikie mke wa mwanawe akisema hapana.

Mke wa mjomba ni Anti Ira. Naye amebeba jina la mke wa mkuu wa miungu, yule ambaye wivu wake uliangusha miji, na mkahawani Mjomba Thanasi hutaniwa kwamba hawezi kumsalimia muuza mikate bila kwanza kutazama mawingu. Anti Ira ni karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya manispaa, mji wa chini. Kwa miezi saba, katika daftari lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, nafasi ya jina la mwanawe ilikuwa tupu. Sisi tulimwita Mtoto. Mbuzi wa Babu wote sitini walikuwa na majina.

Babu alidhani ni kiburi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa nikimsaidia kumenya maharage mabichi, nikamuuliza Poseidoni lina kasoro gani.

"Wewe Sarandi huwezi kuelewa," aliniambia. "Wewe una watakatifu arobaini."

Ni kweli. Mimi nimepewa jina la wale Mashahidi Arobaini walioganda ziwani, na kila tarehe tisa Machi, tangu nikiwa mdogo, nilisimama mbele ya darasa na sahani ya peremende, nikipokea heri njema kama balozi. Ira hakuna mtakatifu wa jina lake. Watu kama yeye siku yao ya jina ni Jumapili ya Watakatifu Wote, ambapo wote waliobaki hukusanywa pamoja kama soksi zisizo na wenzao. Tena ni Jumapili, na shule inakaribia kufungwa. Miaka yote sita ya shule ya msingi hakuwahi kusimama na sahani.

"Mtoto akiumwa nimwashie nani mshumaa?" akaniuliza. "Yule wa mawimbi? Nitampigia simu wapi?"

Yeye alitaka mtoto aitwe Konstantino, jina la marehemu baba yake: mtakatifu kamili, mfalme, mwenye siku yake mwezi Mei na shule ziko wazi.

Watu wa namna hiyo, wenye majina ya miungu yasiyo na mtakatifu, hapa kijijini ni watano. Kuna Afroditi msusi. Kuna Ari muuza nyama, mwenye jina la mungu wa vita, ambaye huzimia akijikata kidole. Kuna Ermi wa vifurushi, mwenye jina la yule mjumbe mwenye mabawa miguuni, ambaye kifurushi chake hutumia siku kumi na moja kupanda kilomita ishirini. Kuna Babu, na kuna Anti Ira. Kila mwaka, Jumapili hiyo ya Watakatifu Wote, miungu hao hukaa meza moja mkahawani wakinywa tsipuro, pombe kali ya zabibu, na kupokea wageni kwa pamoja, ili watu wasizunguke nyumba tano. Babu huketi kichwani mwa meza. Anti Ira huketi karibu na mlango, hunywa kikombe kimoja, huondoka.

Basi vita vikaanza. Naona haya kuviita vita, maana hakuna aliyepaza sauti. Babu aliacha kula mezani kwao. Alichukua mkate na jibini akaenda kula kwa mbuzi, umbali wa hatua thelathini, mahali ambapo angeonekana vizuri kutoka dirisha la jikoni. Alinituma nimwambie Anti Ira kwamba chumvi imezidi kwenye chakula ambacho hakukila. Anti Ira alinituma nimwambie Babu kwamba chumvi ni ya baharini, angepaswa kuifurahia. Mjomba Thanasi alikubaliana na wote wawili, akapata vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa likizo. Nilikuja nyumbani kupumzika, na kufikia wiki ya pili nilikuwa nimetembea zaidi baina ya jiko na zizi kuliko Ermi alivyotembea maisha yake yote.

Pande zote mbili zikakubaliana jambo moja tu, kwamba mimi niwe baba wa ubatizo, yaani mtu atakayemshika mtoto kanisani na kulitamka jina. Nilidhani ni heshima. Baadaye Mjomba alinieleza kwamba kila upande uliamini unaweza kunitisha.

Kasisi wetu, Padri Anthimo, ni mtu mwema na ana usingizi mzito. Yeye alikuwa amesema tangu mwanzo, "Nileteeni mtakatifu, nitambatiza hata kwa jina la Trekta. Bila mtakatifu mikono yangu imefungwa." Anti Ira akajificha nyuma ya maneno hayo kama nyuma ya ukuta. Siku moja uani, mbele ya majirani, akayaongezea lake. Alisema akipatikana mtakatifu mwenye jina hilo, yeye hana neno, ataliandika mwenyewe kwa wino mzuri. Majirani wote walisikia. Bahati mbaya na mimi nilisikia.

Lazima niseme kwamba shule yangu ya bweni ni ya kanisa. Nilipelekwa huko baada ya jambo la mbuzi na kipaza sauti cha manispaa, ambalo halihusiani na kisa hiki. Wazazi wangu walitumaini nitarudi mtakatifu. Nilirudi nikiwa najua jinsi watakatifu wanavyoandikwa.

Nilikuwa na karatasi ya zamani iliyodondoka kwenye kitabu kibovu cha maktaba yetu, upande mmoja mtupu. Nikaandika kwa lugha ya kanisa, ile ambayo Padri Anthimo huisoma taratibu na kwa heshima hasa pale asipoielewa. Nikaimwagia kahawa iliyobaki kwenye kikombe cha Babu, nikaitia katika oveni ya mama. Ilitoka na rangi ya karne nyingi.

Shahidi Poseidoni, niliandika, alikuwa mtu wa pwani, mwenye ndevu nyingi na hasira za karibu. Aligombania mji mmoja mkubwa na bibi mmoja mwenye hekima aliyefuga bundi. Bibi aliwapa wenyeji mzeituni. Yeye alipiga mwamba akawatolea chemchemi ya maji ya chumvi, nao, kwa kuwa hawakuwa wajinga, wakachagua mzeituni. Akaondoka kwa uchungu, akafuga farasi. Mfalme mpagani akamtupa gerezani na kumchoma kwa uma mkubwa wa ncha tatu. Shahidi akaunyakua uma ule, akaupiga chini, na nchi ikatetemeka toka mashariki hata magharibi. Kisha akafa, kwa sababu ilibidi afe.

Kila mtoto wa nchi hii aliyefika darasa la tatu anazijua habari hizo. Zimo katika kitabu cha shule, zikiwa na picha. Nilipanga hivi: kasisi atasoma mstari wa tatu, atacheka, atanivuta sikio, kisa kitafika mkahawani kabla ya saa sita, na jioni Babu na Anti Ira watakuwa na mtu wa kumcheka pamoja. Ndiyo yote niliyoyataka. Nyumba ile ilikuwa haijacheka kwa miezi saba.

Kasisi alisoma mpaka mwisho. Akavua miwani, akafuta macho.

"Sarandi mwanangu," akasema, "unaona kazi ya ibilisi? Wapagani walimwibia mtakatifu wetu habari zake zote, wakamfanya mungu."

Nilimweleza kwa upole kwamba wapagani walimtangulia kwa miaka kama elfu moja. Akanijibu kwamba wezi siku zote hutangulia.

Toka hapo sikushika tena usukani. Karatasi ilirudishwa patakatifu, ikawekwa juu ya kitambaa cheupe, nyuma ya pazia, na kengele ikapigwa katikati ya wiki. Anti Ira alikuja mbio kutoka kazini akiwa bado na kalamu sikioni, akaomba aione. Lakini patakatifu mwanamke haingii, na kasisi hakuthubutu kuitoa nje kabla ya siku ya ubatizo, isije ikapigwa na jua. Alimsimulia tu, akiwa amesimama kwenye mlango wa pazia. Basi mtu pekee hapa mlimani ambaye hushika makaratasi ya zamani kila siku ya kazi, na ambaye mwaka jana alimkamata mtu aliyejizeesha miaka sita ili apate pensheni, alizuiwa kuisogelea karatasi ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikunja uso kidogo kwenye habari za bundi. Kisha akasema neno ni neno, na neno lake alishalitoa.

Jioni ile Babu alikuja mezani. Alikaa, akala sahani mbili, akasema chumvi imekaa sawa. Kesho yake alikwenda kunyolewa. Alianza kutembea wima, goti na yote. Nilimkuta zizini akimweleza mbuzi mmoja kwamba sasa kuna Poseidoni watatu, mmoja mbinguni, mmoja hapa na mmoja ananyonya. Hapo ndipo nilipoona lazima uongo ule niubomoe mwenyewe.

Nilijaribu kuubomoa. Nashuhudia kwamba nilijaribu. Nilimuuliza kasisi kama haoni ajabu kuhusu ule uma wa ncha tatu. Akasema vijana wa siku hizi hamna imani. Nilimuuliza Ari muuza nyama, mbele ya wateja, kama habari hizi hazimkumbushi mtu fulani. Akafikiri, akasema zinamkumbusha shemeji yake, naye alikuwa na hasira na farasi. Nilimwambia Afroditi waziwazi kwamba huyu ni mungu wa bahari tu aliyevalishwa kanzu. Akanipiga na kitana begani, akaniambia nisimtukane mtakatifu wa babu yangu kwa sababu tu yeye ni mmoja na wangu ni arobaini. Nilikuwa nimeweka uongo barabarani ili watu waukwepe, na kila mtu alikuwa anauokota na kuupeleka nyumbani.

Kisha Mtoto akapata homa.

Ilikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata, siku nne kabla ya ubatizo. Daktari wa mji wa chini alitoa dawa, akasema itashuka baada ya siku mbili. Anti Ira alimwachia Mjomba mtoto mchana, akaja kanisani. Mimi nilikuwa ndani ya patakatifu nikisafisha chetezo, kazi yangu ya likizo, na hakujua kama nipo. Nilimsikia akipiga magoti upande wa pili wa pazia. Hakuwa na mazoea ya kuongea na watakatifu. Alijitambulisha kama watu wanavyojitambulisha kwenye dirisha lake la ofisi.

"Naitwa Ira Douka, karani wa vizazi," alisema. "Sijui kama wewe unashughulika na homa au ni farasi tu. Kama si kazi yako, tafadhali nielekeze kwa anayehusika."

Akangoja jibu. Alingoja muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimeshika chetezo, na sikuthubutu kukiweka chini kisije kikalia.

Alipoondoka, nilichukua kalamu ya shule mfukoni, nikaongeza mstari mmoja chini ya karatasi: naye huzipoza nyuso za watoto wachanga waunguzwao na homa.

Padri Anthimo aliukuta mstari ule asubuhi. Nimesema ana usingizi mzito, lakini karatasi ile alikuwa ameikariri yote, na alijua kwamba jana mstari haukuwepo. Hakuwaza kalamu. Alikimbia na kandambili zake mpaka kwa Anti Ira akamsomea. Anti Ira alikaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa aproni. Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka, kwa sababu daktari alisema itashuka. Kufikia usiku kijiji kizima kilijua kwamba karatasi inajiandika yenyewe, na kasisi alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu, baada ya ubatizo, atampigia simu askofu.

Hivyo ndivyo tulivyofika Jumapili.

Ibada ya ubatizo kwetu huanzia barazani mwa kanisa, kabla ya kuingia ndani. Baraza lilijaa. Kasisi alikuwa ameitoa karatasi hatimaye, ameiweka kwenye kimeza chenye majani ya mrehani ili watu waibusu. Afroditi akaibusu kwa mbali, kwa ajili ya rangi ya midomo. Ari akaibusu. Babu, ndani ya suti ya harusi ya mjomba, akaibusu pembeni na kurudi nyuma kama aliyegusa jiko. Kisha Anti Ira akampa Mjomba mtoto, akasogea, akainama, akaibusu kwa moyo wake wote.

Alipoinuka, karatasi iliinuka pamoja naye.

Aliibandua mdomoni taratibu. Akalamba mdomo. Nikaona uso wa kanisani ukiondoka na uso wa ofisini ukija. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akaupitisha ukucha kwenye mstari wa mwisho, akatazama ukucha uliotoka na rangi ya buluu. Akainusa.

"Mzee," akamuuliza Babu, "kahawa yako unatia sukari vijiko vingapi?"

"Vitatu," Babu akasema. "Daktari amekataza. Lakini vitatu."

Anti Ira akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sarandi. Hii uliioka kwa moto gani?"

Nilijieleza. Nilisema kwamba katika karne ya tatu watu walipenda asali, na asali hunata. Akaniuliza kama walipenda na kalamu za shule. Nikasema miujiza haichagui kalamu. Kasisi akafungua mdomo kunitetea, akautazama ukucha ule wa buluu, akaufunga. Nilimtazama Babu ndani ya ile suti. Alikuwa ananitazama kwa matumaini kabisa, akingoja niseme kitu cha kumaliza jambo hili. Nilijua nikikiri, ninamnyang'anya kitu ambacho aliketi juu ya ukuta wa hospitali akakipokea.

"Ni mimi," nikasema. "Karatasi ni ya shule. Kahawa ni ya Babu. Habari ni za kitabu cha darasa la tatu. Hakuna Mtakatifu Poseidoni, Anti. Nilitaka mcheke, hamkucheka."

Mtu mmoja nyuma alicheka wakati huo, nadhani Ermi, ambaye hata kicheko hukifikisha kwa kuchelewa.

Babu akauliza, "Kwa hiyo hayupo?"

"Hayupo, Babu."

Alivua kofia, akaigeuza-geuza mkononi. "Nimeishi miaka themanini na mmoja bila yeye," akasema, "wala sikupungukiwa." Kisha akamwambia Anti Ira, bila kumtazama, lakini yeye mwenyewe, bila kunituma mimi, "Mwite Konstantino, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu mzuri. Chagua wewe."

Mjomba Thanasi akaanza kulia, kwa kuwa alikubaliana na wote.

Anti Ira alinigeukia tena. Aliniwekea karatasi mbele ya macho, kidole kwenye mstari wa chini. "Na huu? Huu si wa darasa la tatu."

"Huo niliuongeza Jumatano."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kuchekesha tayari. Sikuyatumia. "Nilikuwa nyuma ya pazia," nikasema. "Nilikusikia ukimwomba akuelekeze kwa anayehusika. Ulingoja, na hakuna aliyekujibu. Nilikuwa na kalamu."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, naamini kwa ajili ya ushahidi.

"Miezi saba kila mtu ananiambia," alisema, si kwangu, bali kwa baraza zima. "Desturi inasema hivi, kasisi anasema hivi, karatasi inasema hivi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameniambia nichague. Basi nachagua. Poseidoni. Na siku ya jina lake nitaipanga mimi, siku ya shule, na sahani ya peremende ataipeleka, na mwalimu akiuliza ni mtakatifu gani aje aniulize mimi ofisini."

Padri Anthimo akajaribu kusema jambo kuhusu mikono yake iliyofungwa. Anti Ira akamuuliza kama angependa kumweleza askofu mwenyewe ile habari ya karatasi inayojiandika, au amsaidie. Mikono ikafunguka.

Babu alikuwa bado ameshika kofia. Alijaribu kuivaa, akakumbuka yuko kanisani, akaivua, akajaribu tena. Anti Ira akaichukua mkononi mwake, akampa mtoto amshike badala yake.

Ibada ikaanza. Nilisimama nikielekea magharibi, kama inavyotakiwa, Babu kando yangu na Poseidoni mikononi mwake, na kasisi akaniuliza kama namkataa Shetani na kazi zake zote. Nikajibu kwamba namkataa. Akauliza mara ya pili, nikajibu. Mara ya tatu alisogea karibu mpaka nikasikia harufu ya ubani kwenye ndevu zake, akaniuliza polepole, kwa maneno ambayo hayamo kitabuni.

"Na kazi zake zote, Sarandi. Zote. Fikiri kwanza."

Nikafikiri. Watu wote walikuwa wanangoja, na mtoto alikuwa ameanza kulalamika.

"Namkataa," nikasema. "Lakini Padri, ile kofia yako ndefu iliyotundikwa ndani, naomba usiivae kabla hatujaongea. Nimeweka yai."